Kabla ya kuuliza baridi, ulizeni zamu

Jana jioni jirani ya mama yangu hapa Buruburu alibisha hodi akiwa amejifunga shuka juu ya sweta, maana Julai ya Nairobi huingia hadi mifupani na nyumba zetu hazina cha kuizuia. Mume wake amepata kazi ya kutengeneza pampu katika machimbo ya mafuta ya Alberta, Kanada, na familia nzima inatarajiwa kuhamia huko kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa na swali moja tu: "Dadangu, hiyo baridi ni ya kiasi gani, na watoto wataiweza?" Tulizungumza hadi chai ikapoa ndani ya chupa, na nimeona niyaandike niliyomwambia, kwa sababu swali hilo hilo ndilo nililoondoka nalo mimi kwenda huko huko Alberta mwaka 2022, nikalishikilia mno hata nikasahau kuuliza lililokuwa na uzito zaidi.

Baridi ipo, na sitaipunguza. Fort McMurray, mji uliozungukwa na machimbo hayo, uko zaidi ya kilomita 400 kaskazini mwa Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta. Wastani wa Januari huko ni kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na zipo asubuhi ambazo kipimo hufika 40 chini ya sifuri, mahali ambapo Selsiasi na Farenhaiti hukutana katika namba moja. Upepo ukivuma katika hali hiyo, ngozi iliyoachwa wazi huweza kuganda kwa dakika zisizozidi kumi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na kwangu mimi niliyekulia mahali ambapo mapambazuko hayabadiliki mwaka mzima, giza hilo lilinilemea kuliko baridi yenyewe.

Hata hivyo, nyumba za huko zina joto kuliko hii ninamoandikia, na watoto hujifunza upesi. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka mitano, aliujua utaratibu wa kuvaa kabla yangu: suruali ya theluji kwanza, kisha buti, kisha koti na kofia, na glavu mwisho kabisa, kwa kuwa aliyetangulia kuvaa glavu hawezi kufunga zipu. Nilimkuta siku moja mlangoni akimsimamia dada yake mkubwa, akimvua glavu na kumwambia aanze upya. Makoti tuliyonunua katika soko la mitumba la Gikomba yalikuwa mazuri kwa macho, lakini hayakuumaliza mwezi wa Novemba. Soksi na sweta za sufu nunueni huku. Koti na buti nunueni kule, na msinunue buti ambazo hazikuandikwa zinastahimili nyuzi ngapi. Kuhusu nyaraka sina mengi: ombeni cheti cha mwenendo mwema mapema, na vyeti vya kuzaliwa pamoja na kadi za chanjo za watoto zikae katika mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Sasa nije kwenye zamu, ambayo ndiyo hasa niliyotaka kuizungumzia.

Mume wangu alianzia kazi hii ya mafuta Lokichar, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mafuta yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 yana nta nyingi, na yasipopashwa joto huganda, hivyo yeye alikuwa miongoni mwa mafundi waliohakikisha kwamba matangi yanabaki na joto kabla ya safari ndefu ya barabara kwenda Mombasa, ambako shehena ya kwanza ilipakiwa melini Agosti 2019. Alikuwa kazini wiki nne na nyumbani wiki nne. Nilizaa, nikahama nyumba na nikamzika baba yangu katika zile wiki nne ambazo hakuwapo. Kazi ilipokatika mwaka 2020, tuliahidiana kwamba popote atakapopata nyingine tutakwenda sote, tukae chini ya paa moja.

Alberta ilimhitaji kwa sababu mafuta ya huko nayo hayatiririki yenyewe. Ni kitu kizito kama lami, kilichoshikamana na mchanga. Kilicho karibu na uso wa ardhi huchotwa kwa mashine na kubebwa na malori ya kuchukua tani 400, na kilicho chini zaidi hulainishwa kwa mvuke unaoingizwa ardhini kwa mabomba ndipo kivutwe juu. Mtu aliyezoea kuyabembeleza mafuta ya Turkana yasigande ana la kufanya huko.

Kila tuliyemwuliza alitushauri tukae Edmonton. Walisema ni mji mkubwa, una shule nyingi, una Wakenya wenzetu, na baridi yake ni nafuu kidogo. Mume wangu angesafirishwa kwa ndege hadi kambini, alale na kula bure kwa siku 14, kisha arudi nyumbani kwa siku 7. Kwa hesabu ya fedha ushauri huo ulikuwa sahihi, nami sikuona kasoro yake hadi asubuhi moja ya Januari.

Magari ya huko yana waya wa umeme unaochungulia mbele, ambao usiku wa baridi kali huchomekwa kwenye soketi ya nje ili injini isigande. Usiku ule sikuuchomeka. Asubuhi niliwafunga watoto mikanda, nikazungusha ufunguo, na gari likatoa mlio mmoja mfupi kama mtu anayekohoa, kisha kimya. Nilijaribu mara nne. Pumzi zetu zilikuwa zinaganda kwenye kioo kwa ndani, na kifungua mimba wangu alikuwa akiikwangua barafu hiyo kwa kadi ya maktaba ili anionyeshe kwamba anasaidia. Nilimpigia baba yao. Alikuwa juu ya mtambo, simu imefungiwa kabatini kama sheria za kazi zinavyotaka, na alipoipata saa sita mchana jirani alikuwa amekwisha kutuokoa kwa betri yake. Siku ile nilikaa jikoni nikaelewa kwamba tumevuka bahari ili tuje kuishi maisha yale yale ya Lokichar, tofauti ikiwa kwamba sasa sina mama wa kumwita.

Mwaka uliofuata tulihamia Fort McMurray, kwenye baridi kubwa zaidi. Mume wangu alibadilishiwa kazi akawa fundi anayeishi mjini: zamu ya saa 12, siku nne kazini na siku nne nyumbani. Basi la wafanyakazi humchukua saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha karibu saa mbili usiku, ndevu zikiwa zimeshika barafu nyeupe, na watoto hugombania nani atamfungulia mlango. Chakula chake hukipata kikiwa moto. Kodi ya nyumba tunailipa wenyewe, akiba yetu imepungua, na unga wa ugali tunauagiza kutoka Edmonton. Sijajuta hata siku moja.

Nilimweleza jirani na yale mengine, kwa sababu ni haki yake kuyajua. Mei 2016 moto wa msitu uliwaondoa mjini watu zaidi ya 80,000, wengi wao kwa barabara kuu moja, na majengo takriban 2,400 yakateketea. Mei 2024 mitaa minne iliamriwa kuhama. Wetu haukuwamo, lakini niliuona moshi, na tangu hapo mkoba wa nyaraka unaning'inia nyuma ya mlango. Tena kazi hii hufuata bei ya mafuta: pipa lililouzwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na mtu ambaye kibali chake cha kazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja huyumba kuliko wenyeji mambo yanapoharibika. Wekeni nauli ya kurudi ya kila mmoja wenu mahali ambapo hamtaigusa.

Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza kama mkataba wa mumewe unaweza kuwa unasema lolote kuhusu zamu. Sikujua. Leo asubuhi amerudi na karatasi zenyewe, tukazipitia mezani pa mama ukurasa kwa ukurasa, naye mama akitukumbusha kila mara kwamba uji unapoa. Tumekuta mstari huo katika ukurasa wa tatu: siku 14 kazini, siku 7 nyumbani, malazi kambini, ndege kutoka Edmonton. Ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu, na mumewe ataandika leo kuuliza kama kuna nafasi ya fundi anayeishi mjini.