Nilivyoanza kuacha visiki viote shambani

Huku kwetu Chamwino, shamba linalosifiwa ni lile ambalo ukisimama pembeni huoni kichaka hata kimoja. Kiangazi tunafyeka machipukizi, tunayakusanya, tunachoma, na kila anayepita anajua nyumba ile haina wavivu. Kwa hiyo nilipoelezwa habari za kisiki hai, kwamba machipukizi yaachwe yakue yawe miti humo humo kwenye mtama, nilielewa vizuri na bado sikuanza. Misimu ikapita.

Maelezo hayakuwa na shida. Mgunga uliokatwa juu bado una mizizi iliyokwenda chini sana, kwa hiyo chipukizi lake halidai kumwagiliwa kama mche wa kitaluni. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na miche mingi ya kupanda hufia kiangazini. Niger, nchi kavu kuliko yetu, walianza kutunza visiki namna hii miaka ya 1980. Yote niliyakubali. Kilichonishika ni macho ya watu, na hofu kwamba kivuli kitadhoofisha mtama, na mtama ndio ugali wetu.

Mwishowe nikatafuta mahali ambapo hofu hiyo ilikuwa ndogo. Nikamwendea mama mkwe, maana shamba ni la ukoo na neno lake ndilo la mwisho.

"Mama, naomba kile kipande cha nyuma ya zizi."

"Kile cha kichanga? Haya, chukua. Ila cha barabarani usikiguse, watu wanapita."

Jibu hilo lilinitua mzigo. Uwele wa pale haujawahi kutujazia ghala. Hata mambo yakienda kombo, hakuna atakayelala njaa, na hakuna njia inayopita.

Septemba nikaingia na panga lililonolewa vizuri, maana panga butu hupasua shina na wadudu wakapata mlango. Kisiki cha kwanza ndicho kilichokuwa kigumu: mkono umezoea kufyeka yote. Nikachagua machipukizi machache, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine nikayakata karibu kabisa na kisiki, panga likitoka chini kwenda juu. Yaliyobaki nikayapogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, jua lipate kufika kwenye mazao. Nikafunga utambaa mwekundu kwenye kila shina lililobaki, mtu wa palizi asije akalifyeka kwa mazoea. Visiki vilivyofuata vilikwenda haraka.

Aliyemgeuza mama si mimi, ni kuni. Nilipopogoa tena msimu uliofuata, mzigo ulikuwa hatua chache kutoka jikoni, naye anaijua safari ya mlimani tangu alipoolewa. Uwele wa karibu na mashina nao haukupungua. Akachana khanga yake kuukuu vipande vipande, akasema vya shamba la barabarani vitoke humo.

Tatizo lililobaki ni mbuzi. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani kula mabua, na chipukizi bichi hawaliachi. Tunazungushia matawi ya miiba, na tumeongea na majirani watoto wao wachungie upande wa korongo mpaka miti ipite kimo cha mbuzi. Anayetaka kuanza aongee na wachungaji kabla hajanoa panga.