Skrubu za Nyota kwenye Komodi ya Mfalme

Hapa Brussels ukisema unatafuta kabati la droo la Kifaransa la zamani, kila mtu anakuelekeza Sablon, mtaa wa maduka ya vitu vya kale. Sablon nimepita. Bei zake unazisoma ukiwa nje ya kioo, kisha unaendelea na hamsini zako. Ndipo nikaanza kumsumbua kaka mmoja wa Bukavu tunayefahamiana naye Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, mwenye gari la mizigo, anipeleke Paris kwenye soko la vitu vya kale la Saint-Ouen. Alikubali kwa mafuta na chakula cha mchana. Mume wangu alibaki na watoto, na swali lake lilelile: kabati la marehemu wasiojulikana la nini, wakati jipya linaletwa mlangoni ndani ya boksi?

Ya njiani sina la kusimulia, ila ushuru wa barabara kuu upande wa Ufaransa unauma, na kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa pale kituo cha mafuta, Tanga ungekunywa wiki nzima na kashata juu.

Kabati nililolitafuta linaitwa komodi: ni kabati fupi lenye miguu, droo mbili au tatu, na juu bamba la marumaru. Zilianza kuonekana Ufaransa kwenye mwaka 1700 hivi. Fundi André-Charles Boulle alimtengenezea mfalme Louis XIV mbili za kasri la Trianon mnamo 1708 na 1709. Za enzi ya Louis XV zina tumbo mbele na miguu iliyopinda. Za Louis XVI zimenyooka, zina adabu, hazina raha. Mimi nilitaka yenye tumbo.

Ukishuka metro Porte de Clignancourt, kwanza unavuka vijana wanaouza mikanda, viatu na simu ambazo hutaki kuuliza zimetoka wapi. Ukipita chini ya daraja la barabara ya mzunguko, ndipo vichochoro vya vitu vya kale vinapoanza. Soko hili mwanzo wake ni waokota vitambaa na vyuma chakavu waliosukumwa nje ya Paris mwishoni mwa karne ya 19. Waliowarithi sasa wanavaa skafu za hariri, na wanakusalimia kwa kuangalia viatu vyako.

Niliiona mara moja. Tumbo zuri, vishikio vya shaba iliyopakwa dhahabu, marumaru nyekundu yenye mishipa ya kijivu, na uso uliobandikwa vipande vyembamba vya mti wenye mbao za rangi ya zambarau iliyokolea kutoka Brazili. Mti ule ni Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu, na ukiutazama kwa karibu unaona ile mistari myeusi inayokimbia ndani ya mbao. Nilipitisha kidole juu yake kuliko ilivyo heshima. Mzee mwenye duka akanyanyuka kitini. Louis XV, akasema, ya enzi yake kabisa, Madame. Euro 4,500. Kwa kuwa ni mimi, 4,200.

Kwa kuwa ni mimi! Tulikuwa tumejuana kwa dakika moja.

Kaka hakusema kitu. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba baba yake alikuwa seremala, na yeye mwenyewe amekulia kwenye vumbi la randa. Alivua koti, akalala chali sakafuni mbele ya wateja wote, akaingiza kichwa chini ya komodi ya mfalme. Zikabaki miguu tu nje, na soksi moja imetoboka.

"Dada, leta mwanga ya simu."

Nikainama nikampa. Mwenye duka akaanza kukohoa. Sauti ikatoka chini: "Huku nyuma iko visi za nyota. Nne."

Skrubu ile inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota ilianza kutumika miaka ya 1930. Louis XV alifariki 1774. Mzee hakuyumba, akasema ni matengenezo, kabati lolote la umri ule limeshaguswa na mafundi wengi. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na nusura initulize. Ila kaka alikuwa ameshatoka chini, amejaa vumbi mgongoni, anachomoa droo ya juu. Akaigeuza kifudifudi juu ya marumaru, akaimulika kwa ubavu ili kila mkwaruzo utupe kivuli.

Ubao wa chini ulikuwa na mistari iliyopinda, nusu duara baada ya nusu duara, upana uleule. Hiyo ni alama ya msumeno wa duara, wa mashine. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, isiyolingana. Akachomoa droo ya pili, vilevile. Pembeni, yale meno ya mbao yanayofumana kushika droo yalikuwa sawasawa yote, wakati ya patasi hayalingani hata kwenye droo moja.

"Visi wanabadilisha," akamwambia mzee kwa Kifaransa cha taratibu, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Lakini nani alibadilisha droo zote? Eko nakudanganya, dada. Usilipe kwanza."

Sikulipa. Niliomba risiti. Ufaransa kuna amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 kuhusu biashara hii: mnunuzi akidai, muuzaji lazima aandike anachouza ni nini. Akiandika enzi tu, amedhamini kwamba kitu kilitengenezwa enzi hiyo. Akitanguliza kwamba ni cha "mtindo wa" enzi hiyo, hajadhamini umri wowote. Kwa hiyo nikasema kwa upole wote niliofunzwa nyumbani: niandikie hapa kwamba ni ya enzi ya Louis XV, nakupa 4,200 yako sasa hivi.

Alishika kalamu. Akaiweka. Akasafisha miwani. Akatuuliza tunatoka nchi gani. Akatupa kahawa, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya njiani. Halafu akaandika mtindo wa Louis XV, karne ya 20, na tukaanza kupatana upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia. Tulimalizia 1,100. Sikumchukia. Hata kasri la Versailles liliuziwa viti bandia vya karne ya 18, kashfa ikalipuka 2016. Sembuse mimi na gari la kuazima.

Kaka alipokwenda kutafuta mablanketi ya kufungia mzigo, nilikaa kwenye kigoda nikamfikiria bibi yangu wa Pangani. Alikuwa na kasha la misumari ya shaba, chini lina watoto watatu, yaani droo, na ndani kijisanduku cha siri ambacho sisi wajukuu wote tulikijua. Ukilifungua linakupiga harufu ya udi na kanga mpya. Mtu alikuja na gari akitafuta vitu vya kuwauzia watalii. Wajomba wakamwachia kwa fedha iliyonunua kabati la vioo, na chenji haikufika mbali. Hakuna aliyelala chini kulimulika. Hakuna aliyeuliza ni la Unguja, la Bombay au la Shiraz, na risiti hatukupewa wala hatukuidai. Bibi aliambiwa la zamani linaleta mende. Kabati la vioo lilivunjika mlango mwaka uleule.

Kupakia kulituchukua muda kuliko kupatana bei. Marumaru haibebwi ikiwa imelala, itakatika kwa uzito wake yenyewe. Inasimamishwa wima kama kioo cha dirisha na kufungwa ubavuni mwa gari. Vijana wawili wa pale walitaka euro 40 kuisogeza hatua zisizofika ishirini. Kaka aliwatolea Kilingala, wakacheka, ikawa 20.

Tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi za nyumba za Brussels ni nyembamba kupita kiasi. Komodi ilipanda usiku uleule, mume wangu akishika chini na kunung'unika. Marumaru ililala garini hadi Jumatano, maana wote waliosema watakuja kuibeba walipatwa na mgongo.