Filta za Ami

Juzi usiku simu iliniletea tangazo. Silinda nyeusi ya aluminiamu imelazwa juu ya kitambaa cheupe, na pembeni vikombe vyake vimepangwa mstari mmoja kama vya muuza kahawa. "Filta ya mafuta ya gari. Yaoshwa, haibadilishwi." Bei ya kutupa. Nilicheka hadi mume wangu akaamka kuniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Filta za Ami." Akageukia ukutani, naye akacheka.

Ami wa injini, mzee wetu fundi wa mashua. Ilikuwa 2018, Kombe la Dunia likichezwa Urusi, na msako wa magendo umepamba moto nchi nzima. Waziri alishasema sukari ina zebaki, kila mtu akawa mkaguzi. Mzigo wa kuchanganya, ule wa watu thelathini ndani ya kontena moja, ulikuwa ukifunguliwa boksi kwa boksi. Nasi mawakala wa kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, hapa Mombasa tulikuwa na msiba wetu: reli mpya ilianza kubeba makontena moja kwa moja hadi Nairobi, ofisi zikawa zinafungwa, na waliobaki na kazi walibaki na foleni.

Ami alikuwa ameagiza vitu vyake kutoka China kupitia simu ya kijana wake wa karakana. Nozeli, gasketi, impela za pampu ya maji, na hizo filta tatu. Dizeli ya mapipa ina maji na mchanga, na injini za mashua hazina subira na uchafu. Alichoka kununua filta za karatasi kila mara. Ankara ilisema filta, nami nikaingiza entri kwenye Simba, mfumo wetu wa forodha wa wakati ule, chini ya 8421.23. Hiyo ndiyo namba ya ushuru ya filta za mafuta za injini. Sikuwa na sababu ya kufikiri zaidi.

Siku ya ukaguzi tulianza vizuri. Afisa wa forodha alikuwa mcheshi, mtu wa bara, ananitania kuhusu timu yangu huku akipasua utepe. Nozeli zikapita. Gasketi zikapita. Akafungua boksi la filta, akatoa moja, akaigeuza mara moja tu. Utani ukaisha. Akairudisha ndani taratibu, akasogea kando na simu yake. Kazi hii imenifunza jambo moja: afisa anayegomba hana neno, mtamalizana, ogopa anayenyamaza.

Akaja afande wa mambo ya silaha, mzee kidogo, kavaa kiraia, miwani inaning'inia kifuani. Akataka mwenye mzigo aje. Nilimpigia Ami nikamwambia aje, na aje peke yake. Hakuniuliza kwa nini. Baadaye nilijua kwamba kijana wake alitaka kumsindikiza, akaambiwa abaki kulinda karakana, karakana ambayo haijawahi kulindwa na mtu. Hatukuwa tumesahau 2014: Februari, polisi walivamia Masjid Musa wakakamata vijana; Machi, waumini wakapigwa risasi kanisani Likoni. Kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Majengo, mtaa wa msikiti ule, jina lake kwenye oda ya vitu kama vile, si mtu wa kumpeleka mbele ya afande ajieleze.

Ami akaingia na kofia yake, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko. Akasalimia wote. Afande akamwita mzee, akampa kiti, akaanza.

"Mzee, hii kitu ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliagiza wewe?"

"Niliagiza mimi."

Nikatazama chini.

"Na ni ya nini?"

"Filta ya dizeli."

Afande hakubisha. Alivaa miwani, akafungua kifuniko cha upande mmoja, akainamisha silinda juu ya meza. Vikombe vikateleza vikatoka kimoja kimoja, vinang'aa, vimechongwa kwa ustadi ambao hata mimi nisiye fundi niliuona. Akavipanga. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akamsukumia Ami vyote.

"Wewe ni fundi. Nionyeshe mafuta yanaingilia wapi."

Ami akaipokea silinda jinsi anavyopokea kila kitu cha chuma, kwa vidole vitatu, akiizungusha kutafuta penye kasoro. Hapo nadhani alisahau kabisa yuko wapi. Akaingiza kidole kwenye tundu la mbele lenye nyuzi. "Hapa yaingia," akasema. Akaigeuza upande wa pili. Kifuniko kizima, hakina tundu. Akakikwaruza kwa ukucha, labda kuna kizibo. Hakuna. Akachukua kikombe, akakielekeza kwenye taa. Kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu akakipitisha kidole gumba ndani, akasimama katikati, penye kijishimo kidogo, alama ya ncha ya keekee, pale ambapo mtu angetoboa kama angetaka kutoboa. Akarudi kwenye zile nyuzi za mbele, akazipima kwa jicho. Zilikuwa nyembamba mno, za karibukaribu. Hakuna mpira wa mafuta wala nipeli ya injini yoyote aijuayo inayofunga pale.

Redio ya mlinzi nje ilikuwa inatangaza mpira. Ami akaviweka vikombe mezani, akasema, si kwa afande, ni kama anasema na mwanafunzi wake aliyeharibu kazi:

"Aliyeunda kitu hiki hakukusudia mafuta yapite."

Mwenyewe aliyesema ni filta ndiye alithibitisha si filta. Nilitamani nimzibe mdomo, lakini fundi haambiwi aseme uongo kuhusu chuma.

Afande akavua miwani. Akaeleza kwa upole, nami nikaandika. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haiishii kwenye bunduki yenyewe. Inashika mtutu na sehemu zake muhimu, na inashika pia kifaa chochote kilichoundwa au kurekebishwa ili kupunguza mlio au mwako wa risasi. Na hizi "filta", akasema, ni viziba mlio vya bunduki: ipite risasi, si mafuta. Kwa hiyo kiziba mlio, hata kikiwa peke yake ndani ya boksi, kinahesabiwa silaha, na huwezi kukiingiza bila kibali. Afisa wa forodha akaongeza la kwake: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka silaha zote za Sura ya 93 ya kitabu cha ushuru kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti. Namba yangu ya 8421 ikakatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake ikaandikwa 9305, vipuri na vifaa vya silaha. Ami alikuwa akizitazama zile tarakimu kana kwamba amebadilishiwa jina.

Nikawa nimekaa nawaza Februari 2009, meli ya Faina ilipoingia Kilindini na vifaru 33 vya T-72, baada ya maharamia wa Kisomali kuishikilia tangu Septemba mwaka uliotangulia. Mji mzima ulibishana ni vya nani, vya Kenya au vya Sudan Kusini. Vikapakuliwa mchana kweupe, vikaenda zao. Sisi hapa tulikuwa na mabomba matatu na hatujui kama tutarudi nyumbani.

Tulirudi. Yaliyofuata ni makaratasi: maelezo, faili, njoo kesho, afande yuko Nairobi. Wakaridhika kwamba mzee hakujua. Ami akatia sahihi kuyaachia yale mabomba, yakafungwa kwenye jiliwa na kukatwa kwa grenda mbele yetu, na nozeli zikatoka baada ya kulipiwa gharama za ghala zilizozidi thamani yake.

Nimesoma sana tangu hapo, ndiyo maana simu yaniletea matangazo. Kumbe mtu aliyepewa hataza ya kiziba mlio mwaka 1909, Hiram Percy Maxim, alikuwa mhandisi wa magari, na alishughulika na kunyamazisha injini vilevile. Baba yake ndiye aliyeunda bombomu, ile Maxim waliyokuja nayo wazungu huku kwetu. Baba kelele, mwana kimya. Huko Marekani, ambako wateja wa hizi "filta" ni wengi, vifaa hivyo vilitozwa kodi ya dola 200 tangu sheria ya 1934. Kuanzia Januari 2026 kodi imeshushwa hadi sifuri, ila kusajili kumebaki palepale. Huko nako forodha yao imekamata vifurushi kama hivi vya kutoka China, vimeandikwa filta, vimeandikwa vyombo vya kusafishia, jina lolote ila lenyewe. Anayeuza ajua anachouza. Anayenunua huenda anajua, huenda ni Ami.

Hapo ndipo nakwama. Sheria haikumwonea; inaangalia kile chuma kinaweza kufanya, na haiwezi kuingia moyoni mwa kila mwagizaji. Isitoshe, silaha isiyosikika si kitu ningependa kiuzwe Mwembe Tayari. Lakini kilichomtoa Ami pale si sheria. Ni mvi zake, na ile grisi, na kwamba afande alikuwa mtu wa kumpa mzee kiti. Angeingia yule kijana, akaambiwa onyesha mafuta yanaingilia wapi, akajibu jibu lile lile la kweli, sina hakika lingesikika vile vile. Mara moja nilimwuliza Ami kama aliwaza hivyo alipomwacha kijana karakanani. Akaniambia nimpe spana namba kumi na tatu.

Ada ya wakala hajalipa hadi leo. Bosi wangu alishastaafu, deni nimelirithi mimi. Kila tukikutana arusini namkumbusha, naye hunijibu mbele ya watu nimfafanulie kwanza: ni ada ya kuklia filta au ya kuklia bunduki? Maana yeye, asema, hakupata hata kimoja.