Nilivyomzika mtani wangu wa Lukaya

Simu iliingia saa kumi na moja alfajiri. Kwa umri wangu, simu ya saa hiyo unaijua kabla hujaipokea. "Baba mdogo, mzee ametutoka." Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia Mhehe amefariki. Iringa nzima hii ni Wahehe, lakini hakuuliza ni yupi.

Ndivyo tulivyoitana miaka yote: yeye Mhehe, mimi Mngoni. Mababu zetu walipigana vikali kati ya 1878 na 1882, wakachoshana bila mmoja kumtawala mwenzake, na sisi wajukuu tukarithi utani. Tulikutana kwenye mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya Mwalimu kutangaza tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Siku ya kwanza tu kwenye foleni ya chakula akaniuliza kama Wangoni wamejifunza kula kwa sahani au waletewe jani. Nikamwuliza mbwa wa kijijini kwao wamebaki wangapi. Urafiki ukaanzia hapo.

Nilitoka Mafinga kwa Coaster, nikashuka Ipogolo, nikapanda gari nyingine kwenda Kilolo. Ilikuwa Julai. Wanaoijua Kilolo ya Julai wanajua ukungu wake: turubai la msiba nililifikia kwa kufuata sauti za kwaya. Shemeji nilimkuta ndani kwenye mkeka. Hatukusemezana, tulishikana mikono tu.

Kumbe nilishapangiwa kazi kwenye ratiba. Kijana mkubwa akanipa karatasi iliyopigwa chapa, nisome sehemu ya utumishi wake jeshini. Wasifu ulikuwa kurasa mbili: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, ushirika wa wakulima. Sehemu yangu ilikuwa mstari mmoja. "Marehemu alishiriki Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979."

Nilisimama na ile karatasi nikashindwa.

Mstari ule ulikuwa na usiku mzima ndani yake. Machi 10, 1979, Lukaya, barabara ya Masaka kwenda Kampala inapokatiza kinamasi. Brigedi yetu ya 201 wengi tulikuwa mgambo tuliovishwa kombati juzijuzi. Jeshi la Amin likaja na Walibya, makombora yakaanza, tukatawanyika. Nasema wazi, tulikimbia, na vijana wanaodhani vita ni gwaride wasikie. Mimi niliteguka mguu nikaangukia kwenye matete, maji kifuani, buti limenaswa na tope. Nikasikia watu wanapita, kila mtu na roho yake. Halafu mmoja akarudi. Sikumwona, nilimsikia: "Mngoni! Wenzako wote wameshakimbia, wewe unasubiri nini?" Akapiga mbizi, akafungua kamba za buti kwa kupapasa, akanivuta. Buti lilibaki kule. Asubuhi, Brigedi ya 208 ilipozunguka na kuwashambulia kutoka upande wa pili, na sisi tukarudi mbele, mimi nilikuwa nachechemea na buti lake la kushoto. Yeye mguu wake aliufunga kitambaa cha hema. Nilimwuliza kwa nini alirudi. Akasema, "Nikikuacha, nitamtania nani?"

Sasa ningeyasemaje hayo mbele ya watu mia tatu, koo limefunga? Nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni. Nikamwendea shemeji, nikamwomba koti la mzee, lile kuukuu la kijani alilovaa kila asubuhi ya baridi. Nikalivaa. Nikachukua na fimbo yake. Nikatoka nikitembea kama yeye, bega moja limeshuka, nikasimama mbele ya jeneza nikapiga kelele kwa lafudhi yake: "Kamwene! Nani amewaruhusu kukaa? Simameni, kaguliweni!"

Kimya. Kisha kikongwe mmoja nyuma akacheka, na msiba wote ukafuata. Wazee walielewa mara moja kwamba mtani ameingia kazini. Binti yake aliyetoka Dar es Salaam akanishika mkono, uso umebadilika: "Baba mdogo, jamani, huu ni msiba." Mama yake akamwambia kutoka kwenye mkeka, "Mwache. Huyo ndiye mwenye msiba."

Kaburini nilifanya la mwisho. Nilikaa ukingoni, miguu ndani, nikatangaza kwamba Mhehe huyu hazikwi mpaka nilipwe buti langu la Lukaya. Hapo ndipo nilipowasimulia: kinamasi, matete, buti, kitambaa cha hema. Nilisimulia nikimtukana, kwa sauti yake na yangu kwa zamu, wakawa wanacheka na kutupa noti, elfu moja, elfu mbili. Nilipofika kwenye "nitamtania nani" sauti ikakatika, na machozi yaliyogoma tangu alfajiri yakaja yenyewe. Hakuna aliyenihurumia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Hilo lilinisaidia kuliko pole zote.

Vijana wawili waliniinua (magoti siku hizi hayafuati amri), jeneza likashuka. Hela za utani kwa kawaida ni za mtani. Nilimpa shemeji, akanirudishia elfu tano, "ya buti".

Wiki iliyopita kijana mkubwa alipiga simu, saa mbili usiku.

"Kamwene, Mngoni. Bado hujafa?"

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia nasubiri mvua, ulanzi ukianza kugemwa nije niumalize kwanza.