Deni la Tahiti kwa Samoa

Leo nimeshinda nikisoma habari za tatuu za Polinesia, yaani visiwa vya Bahari ya Pasifiki kama Tahiti na Samoa, na kilichonigusa zaidi ni njia iliyopitiwa na sanaa hiyo hadi ikarudi. Huko Tahiti, sheria za Mfalme Pomare wa Pili za mwaka 1819, zilizotungwa kwa msukumo wa wamisionari, ziliipiga marufuku, na baada ya vizazi vichache mafundi wakatoweka. Samoa nayo ilihubiriwa Ukristo tangu mwaka 1830, ila huko desturi haikukatika, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa koo za mafundi, na kijana aliyechorwa ndiye aliyehesabiwa kuwa tayari kuwatumikia machifu. Ndiyo maana Watahiti walioanza kuufufua urithi wao katika miaka ya 1980 waliwategemea mafundi wa Kisamoa.

Anayechorwa pe'a, tatuu ya wanaume inayoanzia kiunoni hadi magotini, hulala mkekani huku wasaidizi wakiivuta ngozi yake ikaze, na fundi hugonga kwa kijiti mpini wenye kitana, ambacho kiasili kilikuwa cha mfupa au jino la nguruwe, kilichochovywa katika wino, ambao kiasili ulikuwa wa masizi. Kazi huchukua siku nyingi, na kwa desturi huchorwa watu wawili kwa zamu, ili asiwepo wa kuumia peke yake. Anayeikatiza njiani hubaki na aibu, yeye na jamaa zake. Anayevumilia hupakwa mafuta yenye manjano, na ukoo humtunza fundi kwa mikeka myembamba ya thamani.

Mjerumani Karl von den Steinen alinakili michoro ya tatuu ya visiwa vya Marquesas, navyo vya Polinesia, mwaka 1897 na 1898, na naithamini sana kazi yake, kwani mingi ingepotea. Hata hivyo, kitabu hakimfundishi mtu uzito wa kugonga, wala hakimketishi ndugu kando ya anayeumia.

Baadaye fundi wa Kisamoa Su'a Sulu'ape Alaiva'a Petelo aliwapa jina la heshima la ukoo wake hata mafundi wasio Wasamoa, akiwemo Keone Nunes wa Hawaii. Wapo Wasamoa waliolipinga jambo hilo, na uchungu wao nauelewa, maana jina hilo huja na wajibu mzito; lakini mimi naona alifanya vyema, kwa sababu aliyelipokea alipokea pamoja nalo walimu wa kumkosoa.