Kutoka Materuni hadi Ngare Sero: kujifunza kuiacha shata wazi

Mwezi wa Julai mvua za masika huwa zimekwisha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ila mito yake bado ina maji ya kutosha, na usiku kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, hupita juu sana angani kabla ya saa sita. Kwa sababu hizo mbili, mpigapicha wa Moshi aliyekubali kunifundisha picha za mwangaza mrefu, yaani zile ambazo shata, mlango wa kamera unaoingiza mwanga, huachwa wazi kwa muda, alichagua siku za giza la mwezi katika Julai, akapanga tuanze na maporomoko ya Materuni, kisha tuvuke hadi Ngare Sero, upande wa kusini wa Ziwa Natron. Alitaka nianze na maji kwa kuwa maji humjibu mwanafunzi papo hapo. Anga, alisema, humjibu baada ya saa nzima, na asiyejua anachokiuliza atakuwa amepoteza usiku wake.

Kutoka Moshi barabara hupanda kupitia Uru katikati ya migomba na kahawa, na gari huachwa kijijini Materuni. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu kwenye njia nyembamba inayozunguka ubavu wa bonde, huku mto ukisikika chini muda mrefu kabla ya kuonekana. Maporomoko yenyewe huanguka kwa mkondo mmoja mwembamba kwenye ukuta wa mwamba uliofunikwa na majani, na chini yake kuna bwawa ambalo wageni huogelea. Nilifungua begi nitoe kamera. Mwalimu akanizuia.

"Iache kwanza," alisema. "Chagua tone moja pale juu, ulifuate kwa macho mpaka chini. Ukishindwa kulifuata, rudia."

Nililifuata mara nyingi, na zoezi hilo ndilo lililonifungulia mlango wa somo zima. Tone linaloanza kuanguka hushuka mita 5 hivi katika sekunde yake ya kwanza, na kasi yake huzidi kuongezeka kadiri linavyoshuka. Kwa hiyo maporomoko marefu hayana kasi moja. Shata ikiachwa wazi kwa nusu sekunde, maji ya juu, ambayo ndiyo kwanza yanaanza safari, huacha nyuzi fupi zinazoweza kuhesabika, ilhali maji ya chini huwa yamekwisha kuwa pazia jeupe. Muda huo mmoja basi huzaa picha mbili ndani ya fremu moja, na kazi ya mpigapicha ni kuamua ni ipi kati ya hizo anayoitafuta.

Kamera ilipokaa kwenye stendi ya miguu mitatu, tulipiga mfululizo wa picha za mahali pale pale bila kubadilisha kitu kingine ila muda: sehemu ya 60 ya sekunde, sehemu ya 8, nusu sekunde, sekunde 2, sekunde 30. Bonde la Materuni lina kivuli asubuhi, hivyo kwa ISO 100, yaani kiwango kidogo cha kamera kuitikia mwanga, na tundu la lenzi lililobanwa hadi f/11, nusu sekunde ilipatikana bila shida. Filta ya kukata mng'ao ilisaidia kwa njia mbili, kwani iliondoa weupe uliokuwa ukimeta juu ya mawe yaliyolowa na kurudisha kijani cha majani, na papo hapo ikapunguza mwanga kidogo. Kwa picha ya sekunde 30 ilibidi kuongeza filta nyeusi. Kila hatua ya filta ya namna hiyo hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo filta ya hatua 10 huupunguza mara 1,000 hivi, na muda ambao bila filta ungekuwa sehemu ya 60 ya sekunde unakuwa sekunde 17. Kwa kuwa filta hiyo ni nyeusi mno kuonea kitu, mtu hupanga picha na kuweka fokasi kabla ya kuivisha kwenye lenzi, kisha hutumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera.

Tulipozilinganisha picha zile kivulini, nilipata msimamo ambao sijaubadilisha mpaka leo. Picha nyingi za maporomoko zinazosifiwa hupigwa kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka maji yanapoteza uzito na mtu hawezi kujua kama mto ulikuwa na nguvu au ulikuwa ukikauka. Mkondo wa Materuni kwa sekunde 2 na kwa sekunde 30 ulionekana karibu sawa, kwa sababu maji yanayoanguka kwa kasi ile huwa yamekwisha kujaza nafasi yake yote katika sekunde ya kwanza. Bwawa ndilo lililobadilika. Mapovu yaliyokuwa yakizunguka taratibu pembeni yalichora duara kamili katika zile sekunde 30, mduara ambao jicho halikuuona hata kidogo tuliposimama pale. Muda mrefu, basi, unafaa kwa maji yaendayo polepole, na muda mfupi kiasi unafaa kwa yaendayo mbio. Nimeuandika hivyo kwenye daftari langu na kuupigia mstari.

Njia ya kwenda Ngare Sero hupitia Arusha na Makuyuni hadi Mto wa Mbu kwa lami, kisha hugeuka kaskazini kwa barabara ya vumbi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Tulipita Engaruka bila kukaa sana, ingawa mahali hapo panastahili safari yake. Kuna mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe ya wakulima walioongoza maji ya mito ya ukutani kwa karne kadhaa, kisha wakapahama katika karne ya 18. Nilitoka kwenye miteremko ya Wachaga, ambao nao ni mabingwa wa mifereji, na nilifurahi kuona kwamba hata katika nchi hii kavu kuna watu waliowahi kuyasoma maji kwa makini kuliko sisi wenye kamera.

Huko Ngare Sero kuna maporomoko pia, ndani ya korongo jembamba ambalo msafiri hulifuata kwa kuvuka mto mara kwa mara. Tulikwenda asubuhi na kiongozi wa Kimasai, kijana aliyemwita mwalimu wangu "mzee" na mimi "dada", na nikarudia somo la Materuni kwa urahisi. Lakini tulikuwa tumeifuata anga.

Kabla ya jua kuzama kiongozi alitupeleka kwenye uwanda ulio wazi ambapo Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkeno, ilikuwa kusini mwetu kabisa. Mwalimu alithibitisha kwa dira, akasisitiza kwamba mwelekeo huo ndio utakaoamua picha. Upepo wa Natron huvuma kwa nguvu jioni, kwa hiyo tulifupisha miguu ya stendi na kuufunga chini yake mfuko wa mawe uliogusa ardhi, maana mfuko unaoning'inia hupeperushwa na kuitikisa kamera. Kisha tukazima taa zote. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na tochi nyekundu ndiyo pekee iliyoruhusiwa baada ya hapo.

Fokasi ya usiku huwekwa kwa mkono. Tulielekeza lenzi kwenye nyota yenye kung'aa, tukaikuza kwenye kioo cha nyuma, tukazungusha mpaka ikawa nukta ndogo kabisa. Muda ulifuata kanuni wanayoijua wapigapicha wengi: 500 igawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 24 jibu ni sekunde 20 hivi, na zaidi ya hapo nyota huanza kuvutika kuwa vistari. Kwa tundu lililofunguliwa hadi f/2.8 na ISO 3200, Njia Nyeupe ilitokea kwenye kioo ikiwa na mapengo yake meusi ya vumbi, kutoka kundi la nyota la Nge karibu na utosi hadi Msalaba wa Kusini ulioinama upande wa kulia wa mlima.

Hapo mwalimu alinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Anga lote huzunguka nyuzi 15 kwa saa, ila nyota iliyo karibu na ncha ya mzunguko huo huchora duara dogo, kwa hiyo husogea kidogo ndani ya fremu. Msalaba wa Kusini uko nyuzi 60 hivi kusini mwa ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na mwendo wake ni nusu tu ya mwendo wa nyota za ikweta hiyo. Tulipoielekeza kamera kusini, sekunde 40 zilitosha kuwa halali kwa nyota zile, na tuliweza kushusha ISO hadi 1600 na kupata picha safi zaidi. Ni somo lile lile la tone na bwawa: kwanza ujue kitu kinakwenda kwa kasi gani, kisha ndipo uamue muda.

Masomo mengi ya michirizi ya nyota huandikwa na watu wa kaskazini, na humwambia mwanafunzi aitafute Nyota ya Kaskazini, aiweke katikati, asubiri miduara. Ngare Sero iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta, hivyo nyota hiyo haichomozi kamwe, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 2 na nusu tu juu ya upeo. Mlima wenye mita 2,962 unaoinuka kutoka kwenye uwanda wa mita 600 hivi huifunika ncha hiyo kabisa. Kwa hiyo, ukisimama kaskazini kamili mwa Lengai, anga lote la kusini linazunguka mahali palipo ndani ya mwili wa mlima. Lava ya Lengai nayo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 za selsiasi tu, chini mno ya volkeno nyingine, na hata inapotoka hung'aa hafifu, hivyo hakuna mwali wa kuziharibu nyota.

Tulipiga picha za sekunde 30 mfululizo kwa muda wa saa mbili, moja ikifuata nyingine bila pengo, tukiwa tumezima kazi ya kamera ya kusafisha chembechembe, kwa kuwa hiyo huchukua muda sawa na wa picha yenyewe na ingeacha mashimo katika kila mchirizi. Picha nyingi fupi ni bora kuliko moja ya saa mbili, kwani kihisi cha kamera hupata joto na kujaza picha madoa. Baadaye tuligeuza kamera mashariki, ambako nyota za kwetu hupanda karibu wima, na tukangoja hadi Kilimia kilipochomoza baada ya saa nane.

Mchana uliofuata, Mto wa Mbu, tuliziunganisha picha kwa StarStaX, programu inayopatikana bure. Michirizi ya kusini ilitoka kama matao yaliyopangana juu ya Lengai, madogo karibu na kilele na mapana kadiri yanavyopanda, kila moja likianza upande mmoja wa mlima na kuelekea upande wa pili. Ile ya mashariki ilikuwa mistari iliyonyooka, ikianza kupinda taratibu kwenye kingo zake za kushoto na kulia. Mwalimu aliitazama ile ya mashariki kwa muda mrefu kuliko nyingine, akasema hiyo ndiyo angeitundika ukutani. Mimi nilichagua ile ya matao, na tulibishana mpaka chai ikapoa.