Majani yaliyogoma kudondoka

Niko Tanga tangu Jumatano. Bibi nimemwambia nimemkumbuka, na ni kweli, ila kuna jingine: kemikali niliyoagiza haijafika, na maabara isiyo na kemikali ni chumba chenye feni tu.

Asubuhi ya leo kanikabidhi ufagio wa chelewa. Ua wetu hapa Ngamiani umejaa majani ya mkungu, mekundu kama yaliyopakwa hina. Juu yake kuna tawi ambalo upepo wa kusi ulilivunja wiki mbili zilizopita. Halikukatika lote, linaning'inia kwa gome. Majani yake yamekauka, ukiyafinya yanasagika mkononi.

Bibi akasimama chini ya lile tawi, mkono kiunoni. "Mke mwenzangu, wewe uliyesoma hebu nambie. Haya kufa yashakufa, mbona hayaanguki? Na yale ya matawi mazima ndiyo yanipayo kazi ya kufagia kila siku."

Nikaegemeza ufagio ukutani. Mwaka mzima huu nahangaika na swali hilohilo, na bibi kalifikia akiwa na kanga moja na kandambili.

Si kufa kunakoliangusha jani jekundu. Mti wenyewe unalitoa likiwa bado hai: unavuta vilivyo na faida, kisha pale kikonyo kinapoungana na tawi seli zinaachana. Lile la tawi lililovunjika lilikauka kabla kazi hiyo haijafanyika, basi limebaki pale pale. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walipotafuta jina la kifo cha seli walichokuwa wakikiona kwenye hadubini, James Cormack, profesa wa Kigiriki kule Aberdeen, aliwapa neno apoptosisi. Wagiriki walilitumia kwa majani yanayodondoka mtini.

Seli inayokufa hivyo inasinyaa, inakata DNA yake, inajigawa vifurushi vidogo, na majirani wanavila bila fujo. Vidole vya mtoto tumboni vinaachana kwa njia hiyo. Nekrosisi ni ile ya tawi: seli inavimba, inapasuka, vya ndani vinamwagika na mwili unawaka moto pale mahali. Tangu hapo watu wameongeza majina mengine, nekroptosisi na piroptosisi, ambazo seli inapasuka kwa mpango wake yenyewe, na mwaka 2012 feroptosisi, inayotegemea chuma na kuharibika kwa mafuta ya utando unaoizunguka seli. Wakati mwingine nahisi kila maabara inataka kifo chake.

Mimi nilichofanya ni kuchuja majani ya mwarobaini na kumwagia seli za saratani ya utumbo mpana. Zikafa. Nilifurahi siku nzima. Nilizipima kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli ambayo utando wake umetoboka, nikahesabu za bluu, nikampelekea mwalimu wangu. Akatazama jedwali, akauliza neno moja: "Zimekufaje?"

Nikanyamaza. Tripani bluu inakwambia maiti ni ngapi, basi. Na hata chumvi ukizidisha inaua seli kwenye sahani. (Jirani yetu hapa keshasikia habari za mwarobaini, jana kaniuliza anywe vikombe vingapi. Nimemwambia hakuna kikombe. Hakufurahi.)

Kipimo kinachofuata ni cha rangi mbili. Seli nzima huficha upande wa ndani wa utando mafuta yaitwayo fosfatidilserini. Apoptosisi ikianza, mafuta hayo yanageuzwa nje, ndiyo alama ya kuwaambia majirani njooni mnile. Protini ya aneksini V inayanasa. Rangi ya pili, propidiamu iodidi, haipiti utando mzima, inaingia ukishatoboka. Seli zinapita moja moja mbele ya leza: yenye aneksini peke yake iko mwanzoni mwa apoptosisi, yenye zote mbili imeshapasuka.

Majibu yangu ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Aneksini karibu hakuna, propidiamu tele. Nikaandika "nekrosisi" kwa wino. Fundi wa maabara, kaka mmoja mpole, akachungulia: "Dada, seli umezibanduaje?" Kwa tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli kwenye sahani, yenye EDTA. "Ukasuuza mara ngapi?" Mara moja, haraka haraka, nilikuwa nawahi daladala. EDTA inashika kalsiamu, na aneksini bila kalsiamu hainasi kitu. Nilikuwa nimemfunga shahidi mdomo, halafu nikaandika kwamba hana la kusema.

Nikarudia, nikasuuza vizuri. Sasa karibu zote zina rangi mbili. Tatizo likawa saa: nilipima baada ya saa 24. Kwenye sahani hakuna majirani wa kula vifurushi, kwa hiyo hata seli iliyoanza kwa apoptosisi mwishowe inatoboka kama zile nyingine. Ndiyo sawa na kufika msibani watu wameshatoka makaburini, uanze kuuliza marehemu alianza kuumwa wapi. Nikalala maabara, nikapima saa ya 3, ya 6, ya 9, ya 12. Kwenye saa ya 6 ndipo zilipojitokeza zenye aneksini peke yake.

Nilidhani nimemaliza. Mwalimu akasema hata nekroptosisi inaweza kuyageuza nje mafuta hayo kabla seli haijapasuka. Usitazame tu, zuia. Ukiziba kaspesi, vile vimeng'enya vinavyokatakata ndani ya seli, kwa dawa iitwayo zVAD na seli zikapona, basi yaelekea ilikuwa apoptosisi. Zisipopona, jaribu nekrostatini-1, inayozuia nekroptosisi. Zikigoma tena, ferostatini-1, inayozuia feroptosisi. Nashukuru sikuchagua HeLa, zile seli za saratani ya shingo ya kizazi zilizozoeleka maabara, maana hazina RIPK3, protini ambayo nekroptosisi inaihitaji, ningetafuta mpaka kesho.

zVAD ilipunguza vifo, haikuvimaliza. Baadhi ya seli ziliendelea kufa kana kwamba sikuweka kitu. Nekrostatini haikuzigusa. Ferostatini ndiyo haijafika, ndiyo maana nafagia.

Haya yote nilimweleza bibi kwa ufupi, bila majina. Akasikiliza, akaokota jani jekundu, akaligeuza. Mwisho wa kikonyo chake ni laini, kiduara kidogo kilichofungwa vizuri. Nikapanda kwenye kigoda nikavuta jani moja la lile tawi. Halikuachia. Nikavuta kwa nguvu, likaja na uzi mrefu wa gome.

"Ona," bibi akasema, "hilo lachunika."

Kisha akaenda jikoni akarudi na panga. Alasiri nimelikata tawi na kuliburuta mpaka nje ya uzio, likikwaruza sakafu njia nzima, na majani yake yote juu yake.